Mtunzi Hajulikani

Ijumaa ile, saa sita kamili mchana, mpiga pasi wa hospitali alikuwa ameshika foronya ya mia moja na kumi na mbili. Aliitandaza juu ya mashine, akaisawazisha kwa kiganja, akateremsha kifuniko, akakanyaga pedali. Mvuke ukatoka, shhh, kama kawaida yake. Kisha akafungua mdomo kupiga miayo, na mdomoni mwake ukatoka mlio wa gitaa.

Gitaa lilipiga peke yake kidogo, zikaingia drams, ikaingia besi, halafu sauti ya mdogo wake wa kike. Vyote vilitoka kwa mpangilio mzuri, drams nyuma na sauti mbele. Mpiga pasi akaufunga mdomo. Wimbo ukahamia puani, ukawa unalia kama simu mbovu, tena ukimwasha. Akaona bora aufungue mdomo aendelee na kazi.

Mama Blichi, mfuaji mwenzake anayechanganya dawa kwenye mapipa, aliinua kichwa.

"Ndiyo ile singo ya mdogo wako?"

Mpiga pasi akaitikia kwa kichwa.

"Si walisema wiki ijayo? Haya, wamewahi. Sasa geukia dirishani, mwenzio kichwa kinaniuma tangu asubuhi."

Akageukia dirishani. Wimbo ulichukua dakika tatu na sekunde arobaini na moja, na ulipokwisha alikuwa amenyoosha foronya saba.

Hapa lazima lisemwe jambo moja, maana mtaani walilisema sana na wengi walilisema vibaya: mwanamke huyu alikuwa na wivu. Wivu wenyewe haukuanza na wimbo. Alikuwa nao tangu zamani, kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi, na alishajua namna ya kutembea nao. Alimwonea mdogo wake wivu kwa viatu vyekundu vya jukwaani, kwa kuamka saa nne asubuhi, kwa jinsi majirani walivyomwita "msanii" hata alipokuwa anatoa taka nje. Yeye mwenyewe alikuwa na sauti nene, ya kujaza nyumba. Mdogo wake alikuwa na kasauti kembamba, ka kuulizia njia. Lakini aliyepewa maikrofoni ni mdogo, na mkubwa akapewa mashuka ya wodi tisa.

Wimbo ulizaliwa palepale kwenye mashine. Pasi ile ina mwendo wake: teremsha, kanyaga, subiri, inua. Mtu akiifanya kazi hiyo miaka kumi na moja, mwili unahesabu wenyewe bila kumwomba ruhusa. Kulikuwa na shuka moja la wodi namba tano ambalo lilikataa katakata kunyooka. Lilipigwa pasi, likarudi, likapigwa tena, mikunjo palepale. Mpiga pasi akalitungia wimbo. "Nimekunyoosha mara mia," akaliimbia, "bado umejikunja, bado umejikunja." Wafuaji wakacheka, wakaitikia. Siku moja mdogo wake alikuja kuomba funguo za nyumba, akasimama mlangoni, akatoa simu, akarekodi.

"Tamu hii, dada! Nakwenda kuwasikilizisha wenzangu."

Dada mtu alifurahi siku nzima. Na hilo nalo lisemwe.

Bendi iliitwa Kutu. Walikuwa wanne na walipiga roki mbadala, yaani roki ya watu wasiopenda kuulizwa ni roki gani. Mazoezi walifanyia kwenye karakana ya magodoro, kwa kuwa godoro linameza kelele na mwenye karakana alikuwa mjomba wa mpiga besi. Mpiga drams aliusikia mwendo wa pasi ndani ya simu, akaupiga vilevile ulivyo. Mpiga gitaa, ambaye ndiye kiongozi, akasema hii ndiyo singo yetu. Ikaletwa fomu ya usajili. Akafika kwenye nafasi ya mtunzi, kalamu ikasimama.

"Huu katunga nani?"

"Unaimbwa tu kule kwa wafuaji," mdogo mtu akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

Mpiga gitaa aliwahi kusoma mahali kwamba nyimbo za kale hazina mwenyewe. Akaandika: Wimbo wa jadi. Mtunzi hajulikani. Umepangwa na Kutu. Mdogo mtu aliyaona maneno yakiandikwa, neno moja baada ya jingine, na nafasi ya kusema alikuwa nayo. Hakusema, kwa sababu yeye naye alikuwa na wivu. Tangu ana miaka sita, kila mgeni aliyekuja nyumbani kwao alisema, "Hebu mkubwa atuimbie."

Ijumaa hiyohiyo jioni, mama yao alikuwa sebuleni na redio yake. Binti mkubwa alikuwa anamenya viazi. Mtangazaji akasema sasa tunawaletea singo mpya ya vijana wa Kutu, wimbo wa jadi ambao mtunzi wake hajulikani. Wimbo ukaanza redioni na mdomoni kwa binti mkubwa kwa pamoja. Mama akaizima redio ili kuokoa betri, akasikiliza kwa binti yake.

Ulipokwisha, binti mkubwa akaweka kisu chini.

"Umemsikia, mama? Hajulikani! Mimi!"

"Nimesikia."

"Mimi niliyemfunga huyo viatu mpaka darasa la tatu!"

Mlango ukafunguliwa, mdogo mtu akaingia, viatu vyekundu mkononi, uso umemtakata kwa furaha.

"Dada, umeusikia?"

"Nimeusikia na nimeutoa. Mtunzi hajulikani kwa nini?"

"Ah, hayo ni mambo ya fomu tu."

"Fomu ilijazwa na nani? Upepo?"

"Dada, wimbo unakwenda! Watu wanaupenda! Mbona hufurahi? Wewe una wivu tu."

"Ninao," dada mtu akasema. "Ninao mwingi, nakuonea wivu mpaka meno yananiuma. Na wimbo ni wangu. Vyote viwili."

Mama alikuwa hapendi ugomvi kabla ya chakula. Akasema chanda chema huvikwa pete, wote wawili ni wanawe na pete imeingia nyumbani, basi.

"Na aliyeichonga hiyo pete, mama, yeye anavikwa nini?"

"Viazi vinageuka rangi," mama akasema. "Tieni maji."

Wiki ya kwanza wimbo ulimtoka mara nne tano kwa siku. Wiki ya pili mara ishirini. Ilipofika ya nne, singo ilikuwa inapigwa kwenye saluni, kwenye maduka ya simu, kwenye magari na kwenye masikio ya wanafunzi, na popote ilipopigwa ilimtoka yeye. Redio mbili zikiupiga kwa kupishana, ulimtoka mmoja juu ya mwenzake, na hapo hata Mama Blichi, mtu mvumilivu, alihamisha mapipa yake. Daktari wa ghorofa ya pili alimpima kifua, akasema besi imezidi kidogo, akampa vidonge vya kumung'unya.

Bahati nzuri, kabla ya kiitikio cha mwisho bendi ilikuwa inanyamaza kwa sekunde nne. Mpiga gitaa aliuona mwanya huo ni ufundi mkubwa na aliueleza kwenye mahojiano matatu. Dada mtu aliishi humo. Humo ndimo alimomeza chakula, alimosalimia wakubwa, alimomjibu msimamizi kwamba mashuka ya upasuaji yako tayari.

Wasikilizaji walikubaliana kwamba ni wimbo wa mapenzi, kuhusu mwanamume asiyerekebishika. Wanawake wengi waliwakumbuka wa kwao. Shuka la wodi namba tano liliendelea kuja kila Jumanne.

Sasa hapo pakazuka jambo ambalo halikumpendeza mdogo mtu. Majirani walianza kusema kwamba singo inasikika vizuri zaidi kwa dada yake kuliko redioni. Walikuja na viti vyao. Mwenye duka la vioo alisema kwa dada mtu unasikia hata vidole vikiteleza kwenye nyuzi. Mdogo mtu alipopita akiwa na viatu vyake vyekundu, walimwambia "hongera" na kuinamisha tena masikio upande wa pili.

"Sauti ni yangu," alimlalamikia mama. "Si yangu ile? Basi mbona wanakwenda kwake?"

"Kwani unaona wivu?" mama akauliza.

Mdogo mtu akaingia chumbani na kubamiza mlango.

Siku mbili baadaye ikaja barua kutoka kampuni inayosambaza singo. Ilisema kampuni imepata taarifa kwamba wimbo tajwa unachezwa hadharani kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, kwenye foleni ya mkate na uani kwa watu, bila kibali. Mhusika aache mara moja au achukuliwe hatua. Aliyetoa taarifa hakutajwa. Bahasha ilikuwa na anwani ya nyumbani iliyoandikwa sawasawa, mpaka rangi ya mlango.

Mpiga pasi akaomba ruhusa ya nusu siku, akavaa gauni lake la heshima, akaenda ofisi ya usajili wa nyimbo. Karani alikuwa mtu mpole mwenye miwani na redio ndogo mezani. Mazungumzo yao yalichukua asubuhi nzima, kwa sababu singo ilikuwa inapigwa sana siku hiyo na mgeni alikuwa na sekunde nne nne tu za kusemea.

"Wimbo huu ni wangu," alisema kwenye mwanya wa kwanza.

Karani akakunja mikono, akasubiri.

"Naomba jina langu liandikwe," kwenye mwanya wa pili.

"Ushahidi, dada yangu?"

Akauonyesha mdomo wake kwa kidole. Karani alisogeza kiti, akausikiliza wimbo wote mpaka mwisho kwa makini ya mtu anayeheshimu kazi yake.

"Naelewa," akasema. "Lakini sauti hii si yako. Na kuutoa wimbo si kuutunga. Redio yangu hii inatoa nyimbo mia kwa siku, haijatunga hata mmoja." Akafungua faili. "Tena humu imeandikwa mtunzi hajulikani. Nikikuandika wewe atakuwa anajulikana, na faili litakuwa na kosa. Una barua yoyote inayoonyesha kwamba huyo asiyejulikana ndiye wewe?"

Hakuwa nayo.

"Ukiipata, uilete na nakala mbili," karani akasema, akamfungulia mlango.

Alilia kwenye ngazi za ofisi ile. Alilia kwa hasira, si kwa huzuni, na kilichomchoma zaidi ni kwamba hata kilio hakikutoka kikasikika. Mdomoni mwake alikuwepo mdogo wake, anaimba.

Mpiga gitaa akaja nyumbani Alhamisi, amechana nywele, amebeba soda mbili. Alizungumza kwa adabu. Alisema barua ile inaweza kufutika, kwani bendi ina kibali cha kuucheza wimbo kwa vifaa vyake popote. Dada akiwa upande wa bendi, kesi imekwisha. Kuna onyesho la kuzindua singo Jumapili alasiri, ukumbini, na spika moja ya ukumbi ule imekufa. Akausubiri mwanya ufike, apate jibu.

"Mtanitaja?" dada mtu akauliza. "Mbele ya watu, mtanitaja?"

"Tutaona," mpiga gitaa akasema.

Alikubali kwa ajili ya hilo tu. Usiulize kwa nini mtu mzima alijenga nyumba juu ya "tutaona". Hata wewe una "tutaona" yako mahali.

Jumapili ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Fundi wa sauti alimweka kwenye kiti upande wa kushoto wa jukwaa, mahali spika ilipokuwa imesimama, akamwomba akae wima na ainue kidevu kidogo. Wakapiga nyimbo zao nyingine, za kelele, ambazo watu walizivumilia. Mwisho wakapiga singo. Kutoka kulia, kwenye spika ya kawaida, ilitoka sauti nyembamba ya mdogo mtu. Kutoka kushoto ilitoka sauti ileile, lakini pana, imejaa, na kila drams ilionekana imesimama mahali pake. Watu wakaanza kugeuka, mstari baada ya mstari, kuelekea kushoto. Mdogo mtu aliwaona. Alikuwa anaimba wimbo wake kwenye uzinduzi wake, mbele ya visogo.

Wimbo ukaisha. Makofi yakadumu sana. Mpiga gitaa akashika maikrofoni akashukuru: mwenye karakana ya magodoro, wazazi, kampuni, fundi wa sauti, mlinzi wa mlangoni na mke wake. Akatulia, akakuna kichwa, akasema kama amesahau mtu, asamehewe. Akarudisha maikrofoni.

Sasa, wimbo ule ulikuwa na ubeti wa tatu. Bendi haikuwa nao, kwa sababu siku ile ya kurekodi mlangoni simu ya mdogo mtu ilizimika kabla haujafika. Dada mtu akasimama kwenye kiti chake akauimba. Gitaa halikutoka, wala drams. Ilitoka sauti yake mwenyewe, nene, yenye kutu ya miezi ya kutotumika.

"Kila shuka lina namba, kila wodi ina jina. Na mimi ninayenyoosha, niulizeni, naitwa nani."

Ukumbi ukanyamaza. Ukimya ule ulikuwa mzuri, na kwa muda wa pumzi moja aliamini.

"Spika ya kushoto imekufa," akasema mwanamume mmoja wa mstari wa tatu.

"Kweli, inakoroma," akasema mke wake.

Fundi wa sauti akapanda mbio. Alimwomba radhi, akapapasa nyuma ya shingo yake kutafuta waya, hakuukuta. Akachukua blanketi la kufungia drams, akamfunika kuanzia kichwani, akakigeuza kiti kikaelekea ukutani. Chini ya blanketi aliumaliza ubeti mpaka neno la mwisho. Aliyekuwa karibu vya kutosha kuusikia ni mdogo wake peke yake. Mdogo mtu aliinama, akaufunga upya ukanda wa kiatu ambao haukuwa umefunguka.

Onyesho lilisifiwa. Kosa dogo la vifaa lilitajwa mwishoni mwa habari, kwa sentensi moja.

Baada ya hapo Kutu wakaalikwa kwenye miji saba. Asubuhi ya safari lori lilisimama mbele ya nyumba, drams na magitaa yamo ndani tayari. Dada mtu alikuwa ameaga hospitalini, maana nje ya bendi ile barua ya kampuni ingemfuata tena. Msimamizi alimpa likizo bila kinyongo, kwa sababu wagonjwa wa wodi ya jirani walikuwa wameanza kulalamika. Dereva akashuka na ubao wenye karatasi. Mdogo mtu akashuka nyuma yake, hakumtazama dada yake usoni, lakini alitabasamu.

"Nimekuandika, dada," akasema. "Mpiga gitaa alisema si lazima, mimi nikagoma. Nikasema ama mnamwandika, ama siendi. Nimeandika kwa mkono wangu."

Dada mtu akajifuta mikono kwenye gauni. Akaichukua karatasi.

Magitaa, mawili. Besi, moja. Drams, seti moja. Nyaya, kumi na nne. Spika ya kulia, moja. Spika ya kushoto: dada, mmoja.

Mwandiko aliujua. Yeye ndiye aliyemfundisha mdogo wake kushika penseli, na herufi d ilikuwa bado na tumbo kubwa kama alivyomkataza. Mdogo wake alikuwa anangoja ashukuriwe. Haikuwa dhihaka, na hilo ndilo lililokuwa baya: alimwonea huruma kweli, na huruma yake ilikuwa imeishia hapo.

"Weka sahihi hapo pembeni," dereva akasema, "kwamba umepokelewa mzima, huna mkwaruzo."

Dada mtu akachukua kalamu. Hakuweka sahihi. Aliandika majina yake yote matatu, polepole, kwa herufi kubwa, mpaka yakatoka nje ya kisanduku na kulala juu ya nyaya kumi na nne.

"Aa, sasa dada, kasanduku kadogo hivi, ukoo mzima wa nini?" dereva akasema, si kwa ubaya. Akayakata majina kwa mstari mmoja ili nyaya zisomeke, akaweka alama ya vema pembeni, akamshika mkono kumpandisha nyuma.

Akakaa juu ya sanduku la drams, akaegemea ile spika ya kulia. Mahali fulani mjini mtu akawasha redio, na singo ikaanza kumtoka. Mdogo mtu akapanda mbele, karibu na dereva. Mama akatoka mlangoni na khanga mabegani, akatazama juu. Upande wa milimani palikuwa peusi.

"Mvua hiyo inakuja," akaita. "Mkumbuke kumfunika!"

"Usijali, mama," mdogo mtu akajibu dirishani. "Turubai lipo."